Firigisi ya Baba

Lugari, jioni ya Krismasi. Jua limewaka tangu asubuhi na upepo ni mkavu, vumbi limeingia hadi kwenye vikombe. Nimechoka, nimeshiba, na moyo umetulia.

Nimeketi nje ya jikoni nikiandika kwenye simu kabla haijazima. Keshokutwa narudi kazini Kakamega mjini, na najijua. Nikifika huko nitaanza kulalamikia foleni na wakubwa wa ofisi, nisahau nilivyojisikia leo. Ndiyo maana naandika sasa hivi.

Nilikuja nyumbani na hofu.

Hii ndiyo Krismasi yetu ya kwanza bila Baba. Alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekaa katikati ya Mama na kakangu mkubwa, Lumbasi. Mama ni mtu wa kanisa, na kwake Krismasi ni kuzaliwa kwa Yesu, basi. Lumbasi hajakanyaga kanisani tangu alipomaliza chuo kule Sigalagala. Kwake yeye Krismasi ni watu kurudi nyumbani, spika kutolewa uani na kuku kuiva. Kila mwaka walirushiana maneno, na kila mwaka Baba alisema lazima mmoja abaki kulinda kuku. Alimaanisha Lumbasi, na mambo yaliishia hapo.

Juma lililopita Mama alinipigia simu. Alisema asiyeenda kanisani hatakalia kiti cha Baba, wala hatakula firigisi.

Msiotoka kwetu mnaweza kucheka. Lakini kwetu Waluhya firigisi ya kuku, imondo, ni ya mwenye nyumba. Baba aliila peke yake, polepole, huku sisi watoto tukimkodolea macho. Mwanamke haigusi. Baba akiwa hayupo, inamwendea kijana wake wa kwanza, naye ni Lumbasi. Kumnyima ni kumwambia kwamba boma hili si lake. Naye alishanieleza waziwazi kwamba akinyimwa mbele ya watu ataondoka, na tusimngoje tena.

Asubuhi nilimsindikiza Mama kanisani. Ngoma zililia, watoto wakaigiza habari za hori la Bethlehemu wakiwa na mbuzi halisi, na mbuzi akala nusu ya majani aliyolalia mtoto Yesu. Hata mchungaji alicheka. Mimi nakiri sikusikia mahubiri. Kila nikifumba macho niliona sahani ya firigisi. Niliomba jambo moja tu, kwamba tule pamoja na mtu yeyote asiondoke kabla ya chai.

Tuliporudi, spika ilisikika tangu barabarani. Tulipokaribia lango ikanyamaza. Mama alisimama kidogo, kisha akaendelea kutembea.

Ndani, magunia ya mahindi yalikuwa yamesukumwa ukutani. Tawi la saipresi lilisimama kwenye ndoo ya udongo, limepambwa kwa pamba na karatasi ya chooni, vilevile tulivyolipamba tukiwa wadogo. Lumbasi alikuwa amepika mwenyewe, amejifunga leso ya Mama kiunoni. Mwanamume wa kwetu kumpikia mamake ingokho, kuku wa sikukuu! Chapati zake zilikuwa na pembe kama ramani ya kaunti, lakini harufu ya mchuzi ilitupokea mlangoni.

Kiti cha Baba kilikuwa kitupu. Lumbasi alikipita, akaenda jikoni, akarudi na kisahani kidogo chenye firigisi peke yake. Akakiweka mbele ya Mama.

"Mama, imondo ni ya mwenye nyumba. Na mwenye nyumba sasa ni wewe."

Mama alikitazama kisahani. Alikuwa hajawahi kuionja firigisi maisha yake yote, na nilidhani atakisukuma kando. Badala yake alimwambia Lumbasi kwamba akitaka mamake aile, basi yeye mwenyewe ndiye aombee chakula. Niliangalia sakafu. Lumbasi alijikuna kichwa, akafungua ile leso kiunoni, akafumba macho.

"Mungu, asante kwa Mama. Asante kwa wenye wamefika. Baba tunamkumbuka. Amina."

Amina ya Mama ndiyo iliyosikika kuliko zote. Lumbasi akaenda kuketi juu ya gunia la mahindi. Kisha Mama akauma firigisi. Akatafuna. Akaendelea kutafuna.

"Kumbe ni ngumu hivi," alisema mwishowe. "Na vile nilikuwanga nafikiri mzee anakulanga kitu tamu."

Tulicheka mpaka machozi yakanitoka, na baadaye yakawa machozi ya kumlilia Baba, nami nikayaacha yatoke. Mama aliimaliza firigisi yote. Alipomaliza akamwambia Lumbasi ashuke kwenye gunia kabla halijapasuka, akakae kwenye kiti cha Baba kama watu.

Nashukuru. Sina neno jingine.

Spika imewashwa tena uani. Mama amesema sauti ipunguzwe, hakusema izimwe. Sijui kama mwakani Lumbasi atakuja kanisani. Sidhani, na Mama hataacha kumsema. Lakini sasa hivi chai imeanza kuchemka, nimegeuka kutazama viatu tulivyovua pale mlangoni, na vyote bado vipo, vya Lumbasi pia.