Njia ya Majani ya Babu

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 9 Februari

Mpendwa Shangazi,

Mimi ndiye niliyeiua njia ya Babu. Sijamwambia mtu, hata Mama. Nimeliandika hili kwanza kwa sababu kila nilipoanza na salamu, ukurasa uliisha kabla sijafika hapa, nikachana karatasi.

Sasa naweza kukuamkia. Shikamoo, Shangazi. Kifua chako kimepona? Mapacha wameanza kutembea? Sisi ni wazima wa mwili, isipokuwa macho ya Babu. Tulikuficha kwenye simu. Daktari alisema jicho la kushoto limekwisha, na la kulia halitamaliza mwaka.

Unajua baba yako hawezi kukaa siku nzima bila kwenda kwenye uzio wa nyuma kubishana na rafiki yake, fundi saa. Mwezi wa kumi alipotea hapo uani kwetu, akaanguka kwenye kokoto. Baba akafunga kamba ya kushika kutoka mlangoni hadi kwenye uzio. Babu akaipapasa, akauliza kama majani atakatiwa au atajitafutia mwenyewe, kwa sababu mbuzi akifungwa lazima ale. Kamba ikatolewa siku ileile.

Hapo ndipo mimi, nisiyesema kitu mbele ya watu, nikasema. Tangu nimalize shule nilikuwa nakaa tu nikisubiri matokeo, na Baba alishaanza kuniita mgeni wake. Nilikuwa nimeona kwa mama wa kitalu mmea mfupi unaotambaa, laini kama zulia, ambao ukishashika mizizi unakanyagwa na haufi. Nikasema tuupande katikati ya kokoto, hatua ishirini na tatu, ili mguu ujue wenyewe ulipo. Babu alicheka mpaka akakohoa. Akasema amewavalisha watu viatu miaka arobaini, sasa atatembea pekupeku kama mtoto.

Nilitoa kokoto, nikachimba. Lakini ndago, Shangazi! Nang'oa leo, keshokutwa imechomoza tena. Mikono ilipasuka. Nikakumbuka kusikia mahali kwamba maji ya chumvi yanaua magugu. Mchana mmoja watu wote wametoka, nikakoroga pakiti sita kwenye ndoo za maji moto, nikamwaga njia nzima. Wiki haikuisha, ndago zote zikafa. Baba akaniita fundi mbele ya wageni. Niliona aibu, lakini nilifurahi.

Sikufikiria kwamba chumvi haijui lipi gugu na lipi mche.

Nikapanda. Mama wa kitalu alisema asikanyage mtu kwa mwezi mzima. Siku ya tano Babu aliniomba ajaribu kidogo tu, na mimi siwezi kumkatalia. Alivua viatu, akaenda mpaka kwenye uzio na kurudi peke yake, bila kunyoosha mikono mbele. Sijawahi kumwona vile.

Wiki iliyofuata majani yakageuka manjano, kisha yakakauka kama ya chai. Mama wa kitalu alipoitwa, akauliza kama yalikanyagwa mapema. Babu alikuwa amekaa hapo hapo. Akajibu, "Ni mimi. Miguu yangu imekuwa mizito." Nilifungua mdomo, Shangazi. Nikamkaribisha yule mama uji.

Baadaye nilimfuata yule mama kitaluni, nikamuuliza udongo wenye chumvi hutibiwaje, nikijifanya ni wa jirani. Akasema uchimbwe wote ukatupwe, au usubiri mvua nyingi sana. Nimeanza kuchimba asubuhi kabla hawajaamka. Nimemaliza hatua mbili. Hata nikimaliza zote, miche itaota lini, na jicho litakuwa limefika wapi?

Babu haendi tena nyuma. Fundi saa humwita kutoka kwenye uzio, na yeye hujibu kwamba ana usingizi. Jana alimwomba Baba amwage zege pale ili pasiote kitu kingine cha kuuawa naye. Fundi wa zege anakuja Ijumaa. Usiku nilipompelekea maji ya kunywa, alinishika mkono ulioota malengelenge, akasema, "Pole, mjukuu wangu. Nimekuharibia kazi yako nzuri." Nikamwambia haidhuru. Ndilo nililolisema.

Mama anakusalimu sana. Baba pia, anasema simu yako haipatikani. Nisalimie mjomba, na uwabusu mapacha kwa niaba yangu. Mungu awalinde mbali huko mliko.

Nakuomba usimwambie mtu. Babu akijua, atanisamehe papo hapo, namjua, na sitaweza kumtazama tena akiwa haoni kuwa namtazama. Akikupigia simu kukuambia kuwa miguu yake inaua, mbishie uwezavyo, lakini usinitaje.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako anayekupenda,
Sisimizi