Mpapai Usiozaa

Likoni, Jumatano

Mdogo wangu Daudi,

Nakusalimu sana, na Mama mpe shikamoo yangu.

Jana magharibi tulikaa uani kwa Shangazi bila taa, maana kwa amri ya vita hakuna kuwasha. Giza zima lilinukia maua ya mipapai. Mara nikasikia mvumo laini, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Kumbe ni vipepeo wanene wa jioni, wamesimama hewani mbele ya maua, wanakunywa kwa ulimi mrefu kama uzi. Mmoja alinigusa shavu, nikainua kanga nimfukuze.

“Muache,” Shangazi akasema. “Ametoka kunywa kwa mpapai dume, sasa apeleka unga wa maua kwa jike. Mkimkata dume, jike atazaa na nani?”

Nikaishusha kanga, Daudi. Nikaukumbuka ule mpapai wetu niliokuagiza uukate kwa kuwa hauzai, na mapapai ya mwenzake tuliyokula mwaka mzima.

Tafadhali, weka shoka chini. Na kama umeshaukata, usiniandikie. Niache nilale siku hizi chache nilizobakiza huku na harufu yake.

Mungu awafunike nyote.

Dada yako,
Kadzo