Bega Langu Chini ya Jeneza

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Nachingwea tu wazima, ufuta tumeshauvuna, na bibi yako anasema bega hilo uliloumia kazini ulikande kwa maji ya moto.

Umeniuliza kama ujifungie ndani, maana mwajiri wako amepata picha umembeba mtoto harusini, na sasa anataka fidia yako ikatwe.

Ujanani niliumia mgongo kiwandani, nikawa nalipwa nikiwa nyumbani. Siku moja tukamzika rafiki yangu kule Ruangwa. Tulipokezana jeneza, na zamu yangu ilipofika nikaingiza bega. Bosi akapelekewa habari, akadai nimepona. Mbele ya afisa wa kazi sikukana, nilisema nilibeba.

Wenzangu wa mazishini, walioitwa kutoa ushahidi, wakatazamana. Mmoja akamwambia afisa, "Huyu tulimwachia aguse tu. Uzito ulikuwa kwetu."

Fidia haikukatwa. Kwa hiyo usijifungie, mama. Mtafute mzazi wa yule mtoto, uliyesema ulimrudishia upesi, aeleze alivyokuona ukikunja uso kwa maumivu. Kuna mambo yetu wanayajua waliokuwa karibu nasi tu.

Mimi mpaka siku ile mbele ya afisa nilidhani kweli nimembeba rafiki yangu.

Babu yako