Kipeo cha Tisa

Mwenzangu, nimekaa ofisi ya walimu na sihisi chochote. Hata aibu haijafika.

Leo mhadhiri wetu wa chuo alikuja kunikagua katika mazoezi ya kufundisha. Nikaandika ubaoni 3 × 10⁴ mara 2 × 10⁵. Tatu mara mbili, sita. Kisha nikazidisha hata vipeo! Nne mara tano, ishirini: 6 × 10²⁰.

Vipeo hujumlishwa. Ni mimi niliyewafundisha hivyo juzi.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akasimama. "Mwalimu, mbona mimi nimepata kipeo cha tisa?"

Unajua nilimjibu nini? "Kuzidisha ni kuzidisha. Kaa chini."

Kaa chini! Mimi, niliyekuapia kwamba darasani kwangu hakuna mtoto atakayeogopa kuuliza.

Kengele ilipolia, mhadhiri akaniita pembeni. "Binti yangu, vipeo vimekuchezea, si neno, hata mimi vimewahi kunichezea. Lakini yule mtoto umemwona? Amefuta jibu lake."

Nikamfuata yule msichana. "Ulikuwa umepata. Kwa nini umefuta?"

Akanitazama kana kwamba ninamtega.

"Si umesema wewe, mwalimu?"