Tuliyowaambia Watoto Mchangani

Dada yangu mpenzi,

Natumai wewe na shemeji hamjambo. Sisi huku ugenini tunapumzika kwelikweli. Hoteli inatazamana na bahari, mashuka hubadilishwa kila siku, na kifungua mimba wangu ameshajua kuelea chali. Mdogo wake amebabuka pua kwa jua. Mume wangu analala kwenye kochi. Anasema kitanda kinamuumiza mgongo.

Jana mchana tuliwaketisha watoto mchangani, tukawaambia kwamba tukirudi nyumbani, baba yao atahamia kwake. Nilishajiandaa kuwabembeleza. Kifungua mimba akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Tunajua, Mama. Tuliogopa tu kwamba mkishasema, safari itaishia hapo."

"Haiishii," baba yao akamjibu.

"Basi turudi majini?"

Wakatimua mbio. Baba yao akawafuata na shati lake mwilini. Mimi nikabaki kulinda viatu vyetu sote, na leso nilizowaandalia wao nikazitumia mwenyewe.

Chakula cha hapa ni kizuri. Ukija kutupokea, dada, tafadhali usinihurumie mbele yao.

Ni mimi,
mdogo wako