Tata, Mama Mkwe Ameanza Kutembea

Tata, baba yangu, shikamoo.

Ni mimi binti yako Jeska, na nakuandikia nikiwa mke wa mtu. Leo ni siku ya kumi na saba. Nikiandika neno mke natabasamu peke yangu kama mwehu. Nimeolewa na Deo, yule yule uliyekuwa ukimwita kijana wa pikipiki nyekundu, ukasema anapiga honi mno kwa mtu anayedai anapita tu. Kumbe ulishajua. Baba mdogo alinishika mkono kanisani badala yako. Nilipofika altareni nikamwona Deo machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola, na wala hakujifuta. Tata, huyu mtu ananipenda. Kila asubuhi kabla hajaenda kazini ananiletea chai yenye tangawizi nyingi kupita kiasi, nami nainywa yote.

Niko Songambele sasa, mbali na kwetu Ihanda. Ningependa kukueleza furaha tu, lakini kuna jambo lingine, na hilo siwezi kumwambia mtu mwingine kabla yako.

Desturi unaijua. Bibi harusi hashiki jembe, hachoti maji, haonekani barabarani mpaka mwezi uishe. Anakaa ndani, anakula, ananona. Shangazi yake Deo amehamia hapa ili anilinde, na kweli analinda. Ila sikukaa peke yangu. Upande wa pili wa chumba, kwenye mkeka wake, alikuwa amekaa mama mkwe wangu, miguu kainyoosha, mito miwili mgongoni. Ana ugonjwa wako, Tata. Moyo uliochoka kusukuma damu.

Siku ya kwanza shangazi alituwekea sahani zetu za ndizi na maharage, akatutazama, akasema nyumba hii sasa ina watu wawili wa kukaa tu, mmoja kwa uzuri na mmoja kwa ubaya. Tulicheka wote. Halafu kicheko kikamkata mama pumzi, akashika kifua, nami pale pale nikakuona wewe.

Nilikuona barazani kwetu, kwenye kiti chako cha kamba. Uvimbe wa miguu ulikuwa umeshuka kwa dawa, na nesi alikuwa ameniambia mimi, kwa Kiswahili chepesi, kwamba sasa utembee. Dakika tano, baada ya siku chache ziwe sita, polepole, mradi uweze kuongea huku unatembea. Ukishindwa kuongea, upunguze mwendo. Mimi wa kidato cha nne niliitikia kila neno. Tukafika nyumbani tukafanya tulichozoea: mgonjwa anapumzishwa. Kaka alikunyang'anya panga la kupogolea migomba. Uliposhuka mwenyewe mpaka kwenye kahawa, jirani alituuliza kama hatuoni aibu kumwacha mzee ahangaike. Kuanzia siku hiyo nikaficha mabuti yako nyuma ya magunia.

Ulijua ni mimi. Hukugomba. Ulisema tu, "Jeska, mnaniweka kama ndizi za kuivisha." Nilicheka, nikakuongezea mto.

Baada ya mazishi nilirudi kwa nesi kumuuliza kama tulikuua. Alinishika bega. Akasema hakuna anayeweza kusema hivyo, moyo wako ulikuwa umechoka sana. Lakini akasema pia kwamba kutembea hakukuwa kwa ajili ya kuongeza siku peke yake. Kulikuwa kwa ajili ya wewe kwenda kuoga bila kushika ukuta. Kupanda ngazi za kanisa. Kulala usingizi mzuri. Hayo ndiyo niliyokunyima, Tata, kwa mapenzi yangu yote. Nisamehe.

Basi nikaona karatasi ya kliniki ya mama mkwe imekunjwa ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Neno ni lile lile: atembee. Nilikaa kimya wiki nzima. Bibi harusi aliyeingia juzi aanze kufundisha watu namna ya kumtunza mama yao? Unajua wangeniitaje. Kisha mchana mmoja mama akaniomba nichungulie dirishani nimwambie kama maharage ya kandokando ya njia yametoa maua. Alikuwa ameyapanda mwenyewe kabla hajazidiwa, na tangu hapo hakuwa ameyaona. Yako hatua chache kutoka mlangoni, Tata. Hatua chache tu.

Deo aliporudi nikamwambia yote, nalia, naogopa atasema nimemletea msiba wangu nyumbani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mbona hukuniambia siku ya kwanza?" Jamani, mume wangu. Kesho yake akampeleka mama kliniki, taratibu kama amebeba mayai. Wakampima, wakaona hali yake imetulia, wakasema aanze, asiache dawa, na akihisi kifua kubana au kizunguzungu akae mara moja. Ila awe na mtu pembeni. Deo anatoka mapema. Shangazi magoti yanamsumbua, na hakuamini mambo hayo. Nikabaki mimi, mtu asiyeruhusiwa kutoka.

Tulianzia ndani. Kutoka mkekani mpaka mlango wa jikoni, na kurudi. Nilimwomba anisimulie Deo alivyokuwa mdogo, ili nisikie pumzi yake. Akaniambia alikuwa akiogopa bata mzinga mpaka anapanda juu ya rundo la kuni na kukataa kushuka. Nikampenda Deo upya. Siku ya nne mama alifika mlangoni, hakugeuka. Alishusha mguu mmoja nje, akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama. Nikaushika, nikashuka naye.

Shangazi alitokea kwenye migomba, mkungu kichwani. "Siku ya kumi na tatu tu, na umeshatoka?"

Mama ndiye aliyejibu, polepole, kwa kadiri ya pumzi yake. "Hajatoka. Nimetoka mimi, yeye nimemshika."

Shangazi akasema watu watatucheka kuanzia hapa mpaka Kanoni.

"Waache wacheke," mama akasema. "Bora wacheke nikiwasikia."

Shangazi alitua mkungu, akaingia ndani. Nilidhani anakwenda kumpigia Deo simu. Alirudi na kitenge na kigoda. Kitenge akanifunika nacho mpaka machoni, bibi harusi asionekane. Kigoda akakibeba mwenyewe, akatufuata nyuma akilalamikia magoti yake. Tulifika kwenye maharage. Yalikuwa yamejaa maua. Mama alikaa juu ya kigoda akayashika moja moja, na sisi wawili tukasubiri pumzi yake itulie.

Jana tumefika barabarani. Mama aliongea njia nzima, na mengi yalikuwa kunitania kwamba nimenona mpaka kitenge hakitoshi.

Sikudanganyi, Tata. Moyo wake haujapona, na kuna asubuhi anaishia mlangoni, analala mpaka mchana. Siwezi kukuahidi miaka yake. Ninachokuahidi ni kwamba mgonjwa atakayekuwa mikononi mwangu nitamuuliza anataka kwenda wapi kabla sijamwambia akae. Akisema hawezi, nitakaa naye. Akisema anaweza, nitamshika mkono, hata watu wote wa wilaya hii ya Kyerwa wakitutazama.

Deo anakusalimu. Anasema angependa umkemee kidogo kuhusu ile honi.

Mama ameshasimama, ananiita.

Pumzika, Tata wangu. Sisi tunakwenda kutembea.

Binti yako,
Jeska