Kaka Yangu Ameharakisha Kompyuta za Zahanati, Sasa Zinasahau Wagonjwa

Mpendwa mshauri, Mama Winfrida, shikamoo. Safu yako huwa naisoma kazini wakati wa chai na sikuwahi kufikiri kwamba na mimi siku moja nitakuandikia, lakini jambo hili limenikaa kifuani na kila ninayeweza kumweleza ni ndugu yangu, kwa hiyo naomba msaada wako wewe ambaye si ndugu.

Naitwa Cecilia, nina miaka ishirini na tisa, naishi Mwankoko, nimeajiriwa na shirika moja lenye zahanati vijijini, kazi yangu ni kutunza kompyuta zake, na bila kujisifu kazi hii naiweza. Mkuu wangu wa kitengo ni kaka yangu wa tumbo moja, Gaspari. Baba alifariki nikiwa bado shule ya msingi, Gaspari akaacha masomo, akatoka kwetu Mtinko akaja mjini kujifunza ufundi, akanisomesha mpaka chuo, na kompyuta ya kwanza niliyoifungua maishani niliifungua juu ya meza yake, yeye akiwa amesimama nyuma yangu ananiambia, "Usiogope, ikiharibika tutaitengeneza."

Sasa mshauri, kompyuta zetu ni za zamani, tulizipokea zikiwa zimeshatumika kwingine, na umeme wa vijijini unaujua mwenyewe. Ukikatika ukarudi, mashine ilikuwa inachukua muda mrefu mno kuwaka, wagonjwa wako kwenye benchi, watoto wanalia, nesi anatazama kioo cheusi. Mfumo unaoziendesha ni Linux, ambao fundi anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha mpaka ndani kabisa, kwenye kile tunachokiita kiini, yaani sehemu inayoamka mapema mashine ikiwashwa, halafu yenyewe ndiyo inaamsha diski, kibodi na vingine vyote. Kaka akasema atakirekebisha kiini mwenyewe, na kweli akafanikiwa, unabonyeza kitufe na kabla hujakaa vizuri kwenye kiti mashine iko tayari, manesi wakampigia makofi, na mkurugenzi wetu, Daktari Hosea, akatangaza kwamba mwisho wa mwezi huu marekebisho ya Gaspari yanawekwa kwenye zahanati zote na kutakuwa na hafla. Mama ameshashona kitenge cha siku hiyo.

Kwa majaribio tulianza na zahanati moja ndogo pande za Misigiri, ambako nesi ni dada mmoja anaitwa Pendo. Siku moja akaja mama mmoja, Mwanvua, ana kidonda kibaya mguuni, akaandikiwa sindano ya penisilini. Pendo akafungua taarifa zake kwenye kompyuta, hakuna onyo lolote, akavuta dawa kwenye sindano, ila kwa mazoea yake akauliza, "Mama, kuna dawa yoyote inakukataa?" Mama Mwanvua akaruka kitandani. "Si nilikwambia juzi tu? Hiyo penisilini nusura iniue nilipojifungua!"

Pendo akaapa kwamba alishaandika onyo hilo kwenye kompyuta na akalihifadhi, ila umeme ulikatika palepale. Kaka akasema haiwezekani, nesi amesahau kuhifadhi halafu anasingizia mashine. Pendo akapewa onyo kali, na sasa watu wanasema atasimamishwa kazi.

Mimi sikuridhika. Nikaenda Misigiri kwa kisingizio cha kupuliza vumbi, nikaandika mgonjwa wa uongo, nikamhifadhi, nikachomoa waya wa umeme, nikarudisha. Mgonjwa hayupo. Na mashine haisemi kitu, imeamka inacheka kama vile hakuna kilichotokea. Nikarudia tena na tena, mara nyingine yupo, mara nyingine hayupo. Ndipo nikakifungua kiini cha kaka nikaona alichofanya: ameondoa ukaguzi wote wa vifaa wakati wa kuwaka, hata wa diski, na amekiambia kiini kisisubiri diski ithibitishe kwamba maandishi yameshika. Ndiyo maana ni haraka. Ni haraka kwa sababu haikagui.

Nikatafuta chanzo halisi cha ule uchelewaji wa zamani, nikakipata. Haukuwa ukaguzi wa diski hata kidogo, ni kisoma kadi kibovu kilichomo ndani ya mashine zile, kiini kinakiita, hakiitikii, kinakiita tena, na vingine vyote viko kwenye foleni vinasubiri. Nikaandika marekebisho yangu, kwamba kifaa kisipoitika kiini kiendelee kuamsha vingine, na ukaguzi wa diski pamoja na kule kusubiri maandishi yashike nikavirudisha. Kwenye mashine ya ofisini inachelewa kidogo kuliko ya kaka, lakini nimechomoa waya mpaka mkono umechoka na hakuna kilichopotea.

Nikamfuata kaka. Nikamwambia kwa adabu, "Kaka, naomba uje uone kitu Misigiri."

"Kitu gani?"

"Ile mashine inapoteza taarifa. Ni yale marekebisho."

"Cecilia, nani alikufundisha kushika bisibisi?"

"Ni wewe, kaka."

"Basi." Akageukia kioo chake, na tangu siku hiyo ananisemesha mambo ya kazi tu.

Nikaenda Mtinko kwa mama nikamweleza. Mama akaniacha nimalize halafu akasema, "Gaspari ndiye baba yako. Mtu hamvui baba yake nguo sokoni." Akaingia ndani.

Mshauri, kuna njia moja naiona. Funguo za mashine zote ninazo. Naweza kuingia kimyakimya, nikatoa kiini cha kaka nikaweka changu, hakuna atakayejua, wagonjwa watakuwa salama, kaka atapewa sifa zake mbele ya watu na mama atavaa kitenge chake. Kitu pekee kinachonikwaza ni Pendo. Je, nifanye hivyo, au niende kwa Daktari Hosea nimwangushe mtu aliyenilea, au ninyamaze nimwachie Mungu? Mimi ni mtu wa kujiamini kwenye kazi yangu lakini kwa hili nimekwama, naomba uniambie wazi.

Cecilia

*

Marahaba, Cecilia. Jibu hili nakusomea kwa simu leo hii. Gazetini litatoka baadaye, kwa sababu wagonjwa hawasubiri mtambo wa kuchapia.

Kwanza pole. Umelelewa vizuri na mtu mwema, na mtu mwema akikosea inauma kuliko muhuni akikosea. Hilo nalielewa, na sitakudharau ukilia.

Sasa nisikilize. Barua yako nimeisoma nikahesabu aya za kaka, za mama, za kitenge. Mama Mwanvua umempa aya moja. Wewe umeshaona kwa macho yako mashine ikipoteza mgonjwa, na mpaka unaniandikia mimi, mashine ileile inaendelea kutumika! Hujampigia hata Pendo kumwambia aandike kwenye karatasi! Huko si kumheshimu kaka, binti yangu. Huko ni kumwekea kaka maiti mlangoni halafu useme ulinyamaza kwa adabu. Mama mwingine akifa kwa sindano, Gaspari ataishije? Umewahi kufikiri hivyo, au umefikiria hafla tu?

Hayo ya kiini siyajui na sitajifanya nayajua. Lakini ya kubadilisha kimyakimya nayajua sana, nimekaa na watu miaka mingi. Kaka yako alibadilisha mashine za wagonjwa bila mtu mwingine kukagua, ndiyo tumefika hapa. Na wewe unataka kufanya hivyohivyo! Nani amekagua ya kwako? Umejiaminisha kwa kuchomoa waya ofisini. Hata fundi mzuri anahitaji jicho la pili, na jicho zuri kuliko yote unalo, ni la huyohuyo Gaspari.

Halafu Pendo. Unaniambia anakukwaza kama vile ni kijiwe kwenye kiatu. Huyu ndiye aliyeokoa maisha ya mtu kwa swali moja, na anakaribia kufukuzwa kwa kosa lisilo lake. Ukiibadilisha ile mashine kwa siri, ushahidi wake wote umeufuta kwa mkono wako mwenyewe. Hilo nakukataza kabisa.

Kuhusu mama yako, mpe heshima yake yote. Amesema usimvue baba nguo sokoni, na amesema kweli. Lakini hajakwambia umwache atembee uchi asijue. Mfuate nyumbani umwambie afunge vizuri.

Fanya hivi. Ukikata simu yangu mpigie Pendo, aizime ile kompyuta na kila mgonjwa aandikwe kwa kalamu. Kisha nenda kwa kaka yako, si ofisini, nyumbani kwake. Msalimie, usimweleze kitu chochote cha kitaalamu, maana mtu aliyekasirika hasikii maelezo. Mwambie maneno haya: "Kaka, kuna mama alikaribia kufa. Twende Misigiri wewe uchomoe waya kwa mkono wako. Ukiona ni salama sitalitaja tena." Akikubali, mwende kesho asubuhi. Akikataa, mwambie palepale, usoni, kwamba kesho hiyohiyo unakwenda kwa Daktari Hosea, na unaenda mchana kweupe. Usimzunguke. Na ukienda, nenda. Usiniandikie tena kuuliza kama uende.

Wewe kazi unaiweza, umesema mwenyewe na mimi nimeamini. Basi ifanye yote.

*

Wasomaji wangu, leo naichapisha barua hii kwa ruhusa ya wote wanaohusika, na majina yao nimeyabadilisha. Nawaambia na yaliyofuata, kama Cecilia alivyonisimulia.

Alimpigia Pendo, mashine ikazimwa. Jioni akaenda kwa kaka yake. Gaspari alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani. Alipomaliza, akasema, "Saa moja asubuhi. Usichelewe."

Asubuhi wakasafiri. Kule zahanati, Gaspari alikaa mwenyewe kwenye kiti cha nesi, akaandika mgonjwa wa uongo, akahifadhi, akahakikisha yumo, kisha akainama akachomoa waya. Akarudisha. Mgonjwa alikuwepo. Kaka akarudia. Yupo. Akarudia tena, na safari hiyo hakuwepo.

Gaspari alikitazama kioo. Akaandika mwingine, akachomoa, naye akapotea. Akanyanyuka akatoka nje, akasimama uani amewapa mgongo. Aliporudi hakumtazama dada yake. Alimfuata Pendo chumba cha sindano, wagonjwa wakiwa wanasikia, akamwambia, "Dada Pendo, uliandika. Mashine ndiyo iliyofuta, na mashine niliiharibu mimi. Nisamehe. Leo hii namweleza mkurugenzi."

Pendo alikuwa ameshika pamba. Akasema, "Nilishaanza kufikiri labda kweli nilisahau. Nilikuwa silali, kaka yangu."

Daktari Hosea alisogeza hafla mbele, onyo la Pendo likafutwa mbele ya wenzake wote, na ikapitishwa kwamba hakuna badiliko litakalowekwa kwenye mashine za wagonjwa kabla fundi wa pili hajalikagua.

Wa kwanza kukaguliwa alikuwa Cecilia. Gaspari alisoma marekebisho yake mstari kwa mstari, akafika mahali akaweka kidole.

"Hapa. Umekiambia kiini kisisubiri kifaa kisichoitika."

"Ndiyo."

"Na kama kifaa chenyewe ni diski? Diski nzee, imechoka, inaitika kwa kuchelewa?"

Cecilia akaelewa. Mashine ingeendelea bila diski, na isingewaka kabisa. Nusu ya mashine zao zina diski za namna hiyo. Diski lazima isubiriwe, kisoma kadi ndicho cha kurukwa. Badiliko hilo walilirekebisha wakiwa wamekaa meza moja, wakabishana sana, na sasa limewekwa kwenye zahanati zote. Mashine hazina tena kasi ile iliyopigiwa makofi. Umeme unakatika kama kawaida yake, na kila mgonjwa anakutwa alipoachwa.

Kilichobaki kilikuwa mama. Cecilia alikuwa anakiogopa kuliko vyote. Jumamosi moja Gaspari akamwambia, "Kwa mama usiseme kitu. Nitamwambia mwenyewe," wakaenda Mtinko pamoja.

Mama alikuwa ameandaa ugali wa mtama na mlenda. Kabla ya kula, Gaspari alimweleza yote, hakuficha wala hakujitetea: kasi, makofi, nesi ambaye yeye alimsingizia, dada yake aliyemwambia ukweli naye akamgeuzia kisogo. Cecilia alikuwa ametazama chini muda wote.

Mama akauliza, "Na yule mama wa mguu, mzima?"

"Mzima, mama. Kidonda kimefunga."

"Haya," akasema mama. "Naweni mikono, ugali unapoa."